Gari la Mahari na Injini Zake Mbili

Vijana wa gereji, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike kidogo jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nilikubali kwa sababu niliona haya kukataa mbele ya watu. Sasa nimekaa mezani tangu asubuhi na hapa ndipo nilipofika. Mimi naandika polepole, kama mtu anayekaza nati kongwe asiyotaka ikatike, kwa hiyo na nyinyi msome polepole. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kufungua boliti.

Nilianza kazi Dodoma enzi za Mwingereza, nikitokea kwetu Mlali. Nilikuwa na darasa la nne, kaptura moja isiyo na kiraka, na jina la mtu ambaye mjomba wangu alisema atanipokea. Mtu huyo alikuwa Bwana Jivan, Mhindi mwenye gereji ng'ambo ya reli. Aliniuliza ninajua kufanya nini. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, nililitunga njia nzima. Lakini nilipomwona yeye, na mke wake amesimama barazani, na mafundi wote wameacha kazi wananitazama, nikalisahau lote. Nikatazama chini. Akauliza tena. Nikatazama chini zaidi.

"Maskini, ni bubu," akasema mke wake. "Mpe kazi, Jivan. Bubu hatagombana na wateja."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa siku kadhaa kila mtu alizungumza nami kwa mikono. Wakitaka maji, walijifanya wanakunywa. Wakitaka jeki, fundi mzima alichuchumaa kisha akajiinua taratibu huku amekunja uso kama aliyebeba gari mgongoni. Niliona haya kuwaambia kwamba wanajisumbua bure. Isitoshe, mbele ya bubu watu husema mengi, na nilijifunza mambo ya gereji ile ambayo fundi mgeni hujifunza kwa miaka.

Nilijifichua siku gari lilipoanza kuteleza kwenye jeki na Fundi Hassani, mkubwa wa mafundi, yuko chini yake. Nilimwambia atoke, na nilisema kwa sauti. Akatoka kwa mgongo kama kaa, gari likaketi chini, naye akakaa kwenye vumbi akinitazama mimi, gari hakulitazama.

"Kumbe unasema," akasema.

"Ndiyo, fundi."

"Na siku zote hizi nahangaika kukuonyesha spana kwa vidole."

"Nilikuwa naelewa, fundi."

Tangu siku hiyo akanichukua kuwa mwanafunzi wake. Jina langu nilimtajia, lakini aliniita Mlali mpaka tulipoachana.

Fundi Hassani alikuwa mtu wa Ujiji, mnene, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona ina doa la grisi, na sikuwahi kujua anafanyaje. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma na mpini wake wa mti sikioni, nifumbe macho, nisikilize silinda moja moja. Alinifundisha kusoma plagi. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, injini inakula petroli kuliko inavyofanya kazi. Ikiwa nyeupe kama majivu, inanyimwa na itaungua. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini imeshiba sawasawa. Mpaka leo nikiletewa gari nisilolijua, kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni plagi, kama daktari anavyoanza na ulimi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Nitawapa moja ndogo kabla ya ile kubwa. Kulikuwa na ofisa mmoja wa serikali ambaye gari lake lilikuwa likizimika kila likienda mwendo mfupi. Dereva wake akishuka, akifungua kifuniko cha tangi kutazama kama petroli ipo, gari linawaka. Likienda kidogo, linazimika tena. Dereva alituapia kwamba gari lile halina ugonjwa, linataka kutazamwa tu. Tulikuta nyigu wamejenga kwa udongo kwenye kitundu cha kifuniko kinachopitisha hewa. Petroli haishuki kama hewa haiingii. Tulikitoboa kwa waya. Dereva hakufurahi sana, maana alishazoea kupumzika njiani.

Sasa niandike lile gari la mahari. Nalileta hapa kwa sababu mlikuwa mkilalamika juu ya wateja wenye magari ya kale, wanaotaka injini yenye nguvu lakini hawataki kulipia petroli inayokula. Wateja hao hawakuanza kwenu.

Wakati huo mimi nilikuwa fundi wa pili gerejini. Asubuhi moja tuliona pikapu inaingia uani ikivutwa na maksai. Mbele ya maksai alitembea mzee mfupi aliyejifunga shuka jeusi, na nyuma ya pikapu kijana mrefu aliyebeba kipande cha chuma amekifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa Mzee Chomola wa Kibakwe. Kijana alikuwa mdogo wake, Yohana. Mzee alikuwa amelinunua gari lile hapo hapo mjini kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilivuka reli, likatoa mlio wa sufuria iliyoanguka, na mkono wa pistoni ukatokea ubavuni mwa injini. Ndicho kile chuma alichobeba Yohana. Maksai waliazimwa kwa mtu wa karibu. Wao ndio pekee waliokuwa na uso wa kuridhika.

Habari yote tuliipata kwa Mzee Chomola mwenyewe. Baba yao alipofariki aliacha ng'ombe wa mahari ya Yohana. Mzee Chomola, aliyebaki mkubwa wa nyumba, aliona ng'ombe wanazaa taratibu mno. Akafikiri kwamba gari likibeba mahindi na vitunguu vya Kibakwe kuleta mjini, na kurudisha chumvi na nguo, litazaa upesi zaidi. Akauza ng'ombe. Yohana alikuwa na mchumba, Sara, na mama yake Sara alikuwa mjane ambaye hata wanaume wa ukoo walimsikiliza kabla ya kusema yao. Mama Sara alipopata habari alituma neno moja: binti yake hataolewa kwa moshi. Aliwapa muda mpaka mavuno. Gari lisipoonekana linafanya kazi ya maana, Mpwapwa kulikuwa na mwanamume mwingine mwenye ng'ombe wanaoonekana kwa macho.

"Kwa hiyo," akasema Fundi Hassani, akimtazama Yohana na mzigo wake, "hii siyo injini. Huyu ni mchumba."

Yohana akakikumbatia kile chuma.

Injini ile haikuwa ya kupona. Lakini nyuma ya gereji kulikuwa na mbili zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa kwa sababu nyingine. Moja ilikuwa ya silinda nne, ya gari dogo la muuza vitambaa, safi na nyepesi. Nyingine ya silinda sita, ndefu kama jeneza, ya lori lililokuwa likifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Kongwa. Tulimpeleka mzee azione achague.

Alizizunguka kama mtu aliye mnadani. Alizipapasa, alizinusa, na aliziita "huyu" na "yule", mpaka baada ya muda sote tukawa tunazungumza hivyo.

"Huyu mdogo anakula kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo sana," akasema Bwana Jivan. "Debe moja la petroli anakwenda nalo mbali. Mtoto wa nyumbani huyu, kalelewa vizuri."

"Na yule mkubwa?"

"Yule anakunywa kama yuko ngomani."

"Anavuta," akasema Fundi Hassani. "Mzee, wewe unakwenda Kibakwe. Kibakwe ni milima. Huyo mtoto wa nyumbani akifika chini ya mlima atakaa aombe uji."

"Hassani, njia karibu yote ni tambarare. Mlima ni mwisho tu."

"Na nyumba ya mzee iko wapi, Bwana Jivan? Kwenye tambarare au mwisho?"

"Petroli yenyewe atainunua wapi? Ikiisha ya Mpwapwa, mbele hakuna pampu. Atabeba madebe."

"Abebe. Bora kubeba madebe kuliko kubeba gari."

Mzee Chomola akainua mkono wanyamaze. "Wana mateke?" akauliza.

Fundi Hassani akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kifundo cha mkono kilichopinda kidogo. Hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini iwake, ilimrudia siku moja akiiwasha ile kubwa. Mzee akaitazama injini ya silinda sita kwa heshima, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, kijana, wasemaje?"

"Zote nzuri, mzee."

"Hilo ni neno la mgeni aliyekaribishwa chakula. Nimekuuliza kama fundi."

Wote walikuwa wananitazama, nikaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Basi mzee akachagua ile ya silinda nne, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wamekwisha na hakutaka tena kitu kinachokula.

Tuliifunga. Ilikaa bila shida, hata boneti ilifungika kwa mkono mmoja. Yohana alifundishwa kuendesha na Fundi Hassani kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, na alijifunza upesi kuliko mtu yeyote niliyemwona. Kila jioni alilifuta gari lile kwa kitambaa, na taa za mbele alizifuta mara mbili. Mimi nilitumwa niende nao safari ya kwanza, kusikiliza injini.

Kwenye tambarare ilikuwa raha tupu. Tulipita Mpwapwa na petroli bado ipo ya kutosha. Mzee Chomola alikaa mbele akiwapungia mkono watu wasiomjua. Nyuma tulikuwa na abiria na magunia ya chumvi. Tukafika mlimani.

Kwanza Yohana aliweka gia ya kwanza. Kisha abiria wanaume wakashuka. Kisha wanawake. Kisha wakaanza kusukuma. Injini ililia kwa sauti nyembamba iliyonitia huruma, maji yakachemka kwenye rejeta, tukasimama, tukaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukashusha magunia. Abiria wakatazamana. Mmoja akajitwika mzigo wake kichwani, wengine wakafuata, wakapanda mlima kwa miguu wakituacha pale. Gari lilipanda baadaye, tupu. Habari zilifika Kibakwe kabla ya gari. Tulipoingia kijijini watoto walishaanza kuliigiza, mmoja akilia kwa sauti nyembamba na wenzake wakimsukuma.

Tena, hata uchumi wake ulikuwa wa uongo. Nilipopima petroli tangini jioni, nilikuta injini imekunywa kwenye mlima ule mmoja karibu yote iliyookoa kwenye tambarare. Injini ndogo ikilazimishwa hula bila adabu.

Tukarudi, na Fundi Hassani akatupokea spana iko tayari mkononi. Tukaanza kufunga ile ya silinda sita. Hiyo haikukaa. Ilitubidi tukate vyuma vya mbele, tusogeze rejeta, tufupishe shafti ya nyuma, na boneti ikawa haifungiki kabisa mpaka ilipofungwa kwa mkanda wa ngozi. Lakini ilipowaka, uani kote vikombe vya chai vilitetemeka, na Yohana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka.

Safari ya pili gari liliupanda mlima kama mbuzi, na magunia yake na watu wake. Hakuna aliyeshuka. Nilidhani mambo yamekwisha. Shida ilikuwa kwamba tuliishiwa petroli mara mbili kabla ya kufika huko mlimani. Na petroli ya kurudi ilibidi tuibebe kwa madebe tangu Mpwapwa, mpaka hapakuwa na nafasi ya vitunguu. Abiria walikalia madebe ya petroli, wakakatazwa kuvuta sigara, na mzee mmoja alishuka akasema atakwenda kwa miguu na kiko chake. Gari likawa linabeba chakula chake lenyewe.

"Nimeuza ng'ombe," Mzee Chomola akasema alipofika gerejini, "nikanunua ndovu."

Bwana Jivan hakusema "niliwaambia". Alikwenda tu ndani, akarudi na chai, akampa mzee kikombe cha kwanza. Lakini alikuwa anatembea kwa madaha.

Mavuno yalikuwa yamekaribia sasa. Yohana alikaa kwenye kivuli cha gari, kichwa katikati ya magoti. Fundi Hassani akatoa plagi zote sita akazipanga kwenye kitambaa. Zote zilikuwa nyeusi tititi. Akazitazama sana. Kisha akamwambia Yohana aketi kwenye usukani.

"Kanyaga mafuta kama unavyokanyaga njiani."

Yohana akakanyaga. Pedali ikagonga sakafu.

"Ndivyo unavyokwenda? Kwenye tambarare?"

Yohana akaitikia kwa kichwa.

"Unakimbilia wapi?"

Mzee Chomola akajibu kwa niaba yake. "Kuoa, fundi. Anakimbilia kuoa."

Hapo tukaelewa. Injini haikuwa na kosa. Ni mguu. Ile ya silinda sita ikitembezwa taratibu, kazi ya tambarare ni ndogo kwake, na haili zaidi sana ya ile ndogo. Nguvu nyingine inakaa inangoja. Lakini ukiikanyaga mpaka chini tangu Dodoma, inakula kana kwamba njia yote ni mlima. Vijana, hili mlishike: mteja akiwauliza injini ipi, muulizeni kwanza njia anayopita, halafu mtazameni mguu wake.

Fundi Hassani akachonga kipande cha mninga, akakiweka chini ya pedali ili isiweze kushuka zaidi ya nusu. Kwanza alitaka kukifunga kwa kamba. Akamtazama Yohana usoni, akachukua skrubu nne ndefu.

"Kijiti hiki kitatolewa chini ya mlima, na kitarudishwa juu ya mlima," akasema. "Bisibisi atakaa nayo Mlali. Na wewe Yohana, usijaribu. Plagi zitaniambia."

Safari ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mavuno. Tulipakia chumvi, majembe na mafuta ya taa. Gari lilikwenda mwendo wa bibi harusi. Baiskeli moja ilitupita karibu na Mpwapwa, na Yohana akafumba macho kwa uchungu. Lakini tulipokaribia mlima, debe la akiba lilikuwa bado halijafunguliwa, na Mzee Chomola alikuwa akigeuka kila mara kulitazama kupitia dirisha la nyuma, kama mtu mwenye ndama.

Tukakata kona ya mwisho kabla ya mlima. Mbele yetu, katikati ya njia, alikuwa anakuja mwanamke mwenye kapu kichwani, anatembea wima, bila haraka.

Yohana akasema, "Mama."

Lazima niwaeleze wale mliokulia mjini. Kwetu mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Ukimwona njiani unaiacha njia, unaingia pembeni, unageuza uso mpaka apite. Na mama wa mchumba ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu bado anaweza kusema hapana. Yohana alifundishwa hivyo tangu anaanza kutembea. Kuendesha gari alifundishwa juzi. Kwa hiyo alifanya alivyofundishwa kwanza. Akampisha.

Alimpisha na gari zima. Tuliacha njia, tukapita juu ya kichaka, tukaangusha mti mdogo, na magurudumu ya nyuma yakaingia kwenye korongo. Injini ikazimika. Chumvi ikamwagika kidogo. Mzee Chomola, ambaye naye alikuwa na heshima zake, akajivuta shuka usoni na kujifanya amelala. Yohana akageuza uso akatazama porini. Nilibaki mimi peke yangu nyuma, juu ya magunia, mwenye uso.

Mama Sara akasimama barabarani. Hakushusha kapu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo mtu kwamba njia ni hii niliyosimama mimi."

Nikainama kwenye dirisha dogo la nyuma. "Mama anasema njia iko kule."

"Mwambie mama nimempisha," Yohana akasema, akiuambia mti.

"Anasema amekupisha, mama."

"Nimeona. Mpaka mti umenipisha." Akalitazama gari. "Hili ndilo lile linalokunywa?"

Mimi sikuwa mtu wa kuongea, mnajua. Lakini hapakuwa na mwingine. Nikaliinua debe la akiba alione. "Limejaa, mama. Tangu Mpwapwa halijafunguliwa."

"Basi ndilo lile lisilovuta."

"Linavuta, mama."

"Mbona limelala?"

"Limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Na fundi wetu, mama. Kwa kijiti."

Akaliweka sawa kapu kichwani. "Gari," akasema, "mnalifunga kwa kijiti kama mbuzi."

Kutoka shukani Mzee Chomola akanong'ona, "Kitoe, kitoe." Lakini Yohana hakuweza kushuka, maana mlango wake ulikuwa upande wa Mama Sara. Nilizunguka upande wa mzee, nikapita juu ya magoti yake, nikaingia kichwa mbele chini ya usukani. Niliona haya kuliko siku yoyote, miguu yangu iko nje ya mlango na mama yule anaitazama. Skrubu tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikataa, kwa sababu mguu wa Yohana ulikuwa unatetemeka na pedali ilinigonga vidole.

"Tulia," nikamwambia.

"Anafanya nini sasa?"

"Nani?"

"Mama."

"Mimi niko chini ya usukani, Yohana. Sioni kitu."

Kijiti kikatoka. Nikapiga hendeli, nikiwa mwangalifu na kifundo changu, na injini ikawaka mara ya pili. Nikamwomba Mama Sara asogee nyuma ya mbuyu mmoja uliokuwa pale. Akasogea, taratibu. Kisha nikamwambia Yohana jambo ambalo sijawahi kumwambia dereva mwingine yeyote: "Kanyaga mpaka chini."

Sauti ile sitaisahau. Gari lilitetemeka, magurudumu yakatupa udongo mpaka kwenye matawi, kisha likatoka korongoni kwa mruko mmoja, likavuka kichaka, likasimama barabarani likinguruma, na magunia yote yakiwa mahali pake. Vumbi likashuka polepole. Mama Sara akatoka nyuma ya mbuyu, kapu limejaa udongo. Akalizunguka gari, mbele, ubavuni, nyuma. Aliugusa ule mkanda wa ngozi wa boneti. Akasimama mbele ya rejeta, akasikiliza.

"Mwambie huyo mtu nilikuwa nakwenda mashineni kusaga," akasema. "Sasa mahindi yangu yamekuwa udongo. Nitarudi nyumbani."

Nikamsaidia kupanda nyuma. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akitazama nyuma tulikotoka, mgongo wake ukiwa kwa Yohana. Yohana akatazama mbele. Hivyo heshima haikuvunjika. Tukaanza mlima.

Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyesukuma. Kwenye ile sehemu ambapo abiria wetu wa kwanza walitukimbia, palikuwa na watu wawili wamepumzika na mizigo yao, wakasimama kutazama. Mama Sara aliwaitikia salamu kutoka juu ya chumvi, bila kutabasamu. Nilijaribu kusoma mgongo wake kama ninavyosoma plagi, nikashindwa.

Tulipofika juu, nyumba yake ilikuwa mbele kidogo, na nje ya nyumba alisimama binti aliyesikia gari akatoka kutazama. Mama Sara akagonga bodi kwa kiganja.

"Mwambie mkwe wangu asimame hapa," akasema.

Yohana alikuwa amesikia, dirisha lilikuwa wazi. Lakini ilibidi nimwambie, ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Nikainama.

"Mama anasema, mkwe wangu asimame hapa."

Yohana akasahau kukanyaga klachi. Gari likaruka mara moja, likazimika katikati ya njia. Mzee Chomola akajifunua shuka, akaanza kulia bila sauti. Mimi nikachukua hendeli nikashuka. Ile injini ya silinda sita ikizimika ikiwa moto haipendi kuwaka, na nilizungusha mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna aliyelalamika.